Bibi Ndani ya Gari Lililopiga Resi Peke Yake

Bibi yangu aliingizwa ndani ya gari la spoti na watu watatu. Khala, dada ya mamangu, alishika mkono wa kulia. Rafiki ya mjomba alishika wa kushoto. Mimi nilipewa miguu, kwa sababu kwetu mwenye adabu chache ndiye hupewa kazi za chini.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, limejilaza barabarani kama pono. Kiti chake ukikikalia ni kama umekalia beseni, na Bibi ana magoti yanayogombana hata na kiti cha plastiki. Alipofika nusu ya safari alisema tumrudishe. Khala akasema hapo hakurudiki, kwenda mbele tu. Basi Bibi akatuachia uzito wote, akatua kwa kishindo, na gari likainama upande mmoja. Nikasema sasa gari limeshiba. Khala akanipiga kofi la mgongo ambalo lilisikika mpaka kwa wapishi.

Ilikuwa siku ya arusi ya mjomba, kitindamimba wa Bibi, karani pale bandarini. Nikaha ilikuwa baada ya sala ya alasiri, na msikiti uko karibu nasi kiasi kwamba ukienda kwa miguu utafika kabla mwenye gari hajamaliza kufunga mlango. Lakini mjomba alikuwa ameapa ataendesha mwenyewe, mamake kando yake, ampeleke mpaka mlango wa msikiti watu waone, kisha mamake arudishwe nyumbani kungoja vigelegele. Rafiki yake wa kazini, mtu wa bara, mpole, ndiye aliyeazima gari kwa binamu yake na kulileta. Alipoingia nalo mtaani kwetu Kibokoni alikunja vioo vya pembeni, na wazee waliokuwa barazani wakavuta miguu ndani mmoja baada ya mwingine. Alipofika mlangoni petu alikanyaga mafuta palepale, akapiga resi mara mbili. Wanawake wakapiga vigelegele kutoka madirishani, na Bibi, ambaye masikio yake siku hizi husikia anachokitaka tu, aliisikia ile resi vizuri sana. Akatikisa kichwa kwa raha. Akasema hilo ndilo gari, linajua kusalimia.

Liliegeshwa pale uchochoro wetu unapotanuka kabla ya kuteremkia bandari ya kale. Pua yake ilitazama chini. Na huko chini, hatua chache tu, lilikuwa limefungwa turubai, na chini ya turubai wapishi watano na masufuria ya biriani ambayo mimi naweza kuoga ndani yake, yote juu ya kuni zinazowaka. Hakuna aliyeona ubaya. Pale ndipo penye nafasi, basi.

Nimesahau kusema habari ya viatu. Bibi alikataa kuingia na viatu. Alivivua mlangoni mwa gari kama anaingia nyumba ya watu, akavipanga barabarani, kisigino kwa kisigino. Halafu akaagiza ateremshiwe mkeka. Ni mkeka mdogo wa ukindu, mwekundu na kijani, ambao tangu nizaliwe niliuona umekunjwa kama bomba juu ya kabati lake, na ukiugusa ulikuwa unaulizwa una arusi gani. Alisema mwanawe hawezi kwenda kuoa nyayo zake zikiwa juu ya zulia lililokanyagwa na watu asiowajua. Khala akautandika upande wa dereva, akauchomeka ncha chini kule kwenye pedali ili ukae sawa. Mimi nikauliza kama tulete na kitanda. Kofi la pili.

Rafiki ya mjomba aliacha injini inanguruma polepole ili Bibi apate baridi ya gari, maana jua la siku ile lilikuwa la kukaanga samaki. Na kwa kuwa watoto wa mtaa walikuwa wanaufungua mlango kila saa wachungulie, alimwonyesha Bibi kidude cha kufungia. Bonyeza hapa, mama, hakuna atakayekusumbua. Bibi akabonyeza. Tak. Akafurahi. Kisha yule bwana akapanda tuktuk kwenda Makadara, mtaa wa jirani, kumchukua bwana arusi kwa kinyozi, na ufunguo mfukoni mwake. Gari lile halina haja ya ufunguo kukaa ndani. Likishawaka, limewaka.

Mimi nilikuwa nimekaa barazani natafuna kashata niliyoiiba kwenye sinia ya wageni. Gari likanguruma. Si sana. Mmm, hivi, kama mtu aliyeulizwa swali hakulipenda. Likatulia. Nikamtazama Bibi kupitia kioo cha mbele, yuko palepale kushoto, anavuta tasbihi. Nikadhani ndiyo tabia ya magari ya matajiri.

Mara ya pili lilipanda zaidi. Sauti ilianzia chini ikapanda, ikapanda, ikakaa huko juu muda wa kuvuta pumzi, ikashuka. Watoto wakashangilia. Nakiri kwamba mimi pia nilipiga makofi, na nikamwambia mpishi mkuu, aliyekuwa amesimama na upawa mkononi, kwamba Bibi amechoka kumngoja mwanawe anakwenda kuoa yeye. Mpishi akacheka. Kisha akaacha kucheka, maana alikuwa amelitazama gari vizuri kuliko mimi.

"Yakhe," akaniambia, "bibiyo yuko upande huu. Upande ule nani anakanyaga mafuta?"

Kashata iliniganda mdomoni. Nilisimama nikatazama vizuri. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Usukani umetulia. Bibi mikono yake yote miwili iko kwenye tasbihi, na miguu yake haiwezi kuvuka kwenda upande wa pili hata umpe wiki nzima. Na wakati natazama hivyo, gari likapiga resi mara ya tatu, mbele ya macho yangu, hakuna mtu.

Sijui nieleze vipi sauti ile. Ukiisikia barabarani, gari linapita, unasema lo, zuri hilo. Lakini gari lililosimama, halina dereva, linalia hivyo katika kichochoro cha kuta za mawe, sauti inagonga ukuta huu inarudi kwa ule, inakuingia kifuani. Madirisha yalitetemeka. Mbayuwayu waliokuwa chini ya paa walitoka wote kwa pamoja. Na gari likawa linajitikisa, bega moja juu bega moja chini, kama mbuzi anayevuta kamba.

Watu wakaanza kutoka majumbani. Wa kwanza alikuwa Khala, na wala hakulitazama gari. Alinitazama mimi. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia sijafanya kitu. Akaniuliza tena, taratibu, kwa sauti ile ya mtu anayekupa nafasi ya mwisho, simu yangu iko wapi, na hiyo sauti niizime. Ikabidi nimgeuze mabega kwa mikono yangu aone mwenyewe. Ndipo alipoona.

Tukakimbilia mlango wa Bibi. Umefungwa. Vioo vya pembeni ni vya tinti, vyeusi kama lami, ukitazama unaona uso wako tu ukiwa na hofu. Khala akagonga kwa kiganja, akagonga kwa ngumi, akamwita mamake kwa sauti iliyopasuka. Ndani hakuna jibu. Resi ilikuwa juu, hata mimi niliyesimama kando ya Khala sikuisikia sauti yake yote. Upande wa dereva, vivyo hivyo.

Tukampigia simu mwenye ufunguo. Kwa mbali, kupitia kioo cha mbele, tukaiona simu yake inawaka mwanga ndani ya gari, juu ya kiti cha dereva, inatetemeka pale peke yake. Tukampigia mjomba. Ikalia juu ghorofani kwetu, alikoiacha inachaji. Khala akaishusha simu yake akaitazama kana kwamba imemtukana. Mpishi akamtuma kijana wake mmoja apande bodaboda aende Makadara, vinyozi ni wengi, aanze na wa kwanza.

Na gari bado. Lilikuwa sasa halishuki mpaka chini. Linashuka kidogo, linapanda tena, na kila likipanda linapanda zaidi ya mwanzo. Wapishi walianza kuondoka chini ya turubai, wakabaki wawili wanaojaribu kusogeza sufuria la moto kwa magunia. Mtu mmoja akaleta jiwe akaliweka mbele ya gurudumu, kisha akaruka nyuma kama aliyemlisha simba. Jirani mmoja akasema gari limekuja na jini lake kutoka huko lilikotoka, akaanza kusoma Ayatul Kursi. Mwingine akasema livunjwe kioo. Khala akamuuliza kioo kipi, wakati mamake kichwa chake kimeegemea kimoja, na vipande vya kile kingine vitamrukia usoni. Mwingine akasema likichomoka hapa litapita na turubai, na moto, na ukuta ule, halitasimama mpaka majini. Hilo la mwisho lilisemwa na mtu mzima, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma ratiba. Nilitamani kumrushia kiatu.

Mimi sikumwogopa jini. Niseme kweli, mimi jini ningezungumza naye. Nilichokiogopa ni kile kichwa kidogo chenye buibui ndani ya kile chombo. Bibi ndiye aliyenilea. Mamangu yuko Makka kikazi, anapiga simu Ijumaa. Kila siku nyingine ni Bibi. Na nilikuwa naona, nikisogea mbele kidogo, kwamba Bibi anatabasamu. Kila resi ikipanda, anatikisa kichwa kidogo, kama alivyofanya gari lilipofika. Alidhani gari linasalimia.

Ndipo nikajua hatafungua. Kwa nini afungue? Yuko kwenye baridi, ana tasbihi, mwanawe anaoa, na mtaa mzima umekuja kumtazama.

Pale mbele tu ndipo angeweza kumwona mtu. Kioo cha mbele hakina tinti. Na pale mbele, kati ya pua ya gari na mteremko, hakuna aliyekuwa amesimama, na kila mtu alijua kwa nini.

Sikufikiri nikaamua. Ningefikiri nisingekwenda. Nilijikuta nimekwenda, na jambo la kwanza nililolisikia ni joto la boneti kupitia kanzu yangu mpya. Nikaweka viganja juu yake. Injini ilikuwa inapiga chini ya mikono yangu kama kitu kinachotaka kutoka. Nyuma yangu Khala aliita jina langu mara moja, kisha akaziba mdomo wake kwa mkono, nadhani aliogopa hata kuita kutaliudhi gari.

Bibi akaniona. Uso wote ukang'aa.

Sasa lazima ujue kitu kimoja. Tangu masikio yake yaanze kumtoka, mimi na Bibi tuna mchezo. Yeye amekaa kitandani, mimi naingia mlangoni bila kusema neno nakuwa mtu: imamu anayetafuta viatu vyake, muuza kahawa, mwalimu wangu wa hesabu anapopiga chafya, Khala akihesabu vijiko baada ya wageni kuondoka. Yeye hutaja ni nani. Hakosei. Ndiyo mazungumzo yetu, na nimekuwa hodari kiasi kwamba Bibi akiniona tu nimesimama mbele yake, kabla sijafanya lolote, anaanza kucheka.

Nikamwonyesha kidole kwenye mlango. Bonyeza. Nikafanya kidole hivi, hivi, kama ninabonyeza. Bibi akacheka. Nikazungusha mikono, toka, toka nje. Akacheka zaidi, akajipiga paja. Nikaonyesha kiti cha dereva, nikaonyesha injini, nikatoa macho. Nikaona midomo yake inataja jina la jirani yetu mmoja mwenye macho makubwa. Gari likapiga resi nyingine, pua ikainuka ikanigusa mapaja, na mtu nyuma yangu akapiga ukelele. Bibi alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya buibui.

Nikajaribu tena. Kila nilichofanya kilikuwa kichekesho. Mikono yangu ilikuwa imezoea, uso wangu ulikuwa umezoea, hata hofu yenyewe ikifika usoni inageuka mzaha njiani. Nilikuwa napiga kelele kwa sauti yangu yote, "Bibi, fungua mlango," na najua kwake ilikuwa mdomo tu unaofunguka na kufunga, kama samaki.

Kisha nikaishiwa. Hilo ndilo neno. Mikono ikaanguka. Sikuwa na kitu kingine cha kumwonyesha. Nikasimama tu, tumbo limegusa gari, nikamtazama, na nikaanza kulia. Si kulia kwa maigizo, huko ninako kwingi. Huku kulikuja kwenyewe, na kamasi, na kifua kinaruka, mbele ya mtaa mzima na wapishi na wasichana wawili wa darasa letu waliokuwa dirishani.

Bibi alicheka bado kidogo. Halafu kicheko kikapungua. Aliinama mbele, akasogeza uso karibu na kioo, akanitazama kama anavyotazama uzi anapotaka kuutunga kwenye sindano. Nilimwona anaacha tasbihi. Midomo yake ikasema kitu kifupi. Kisha mkono wake ukaenda kando, taratibu, ukitafuta, ukapita kile kidude, ukarudi.

Sikuisikia tak. Nilimwona Khala tu ameufungua mlango na kuingia mzima mzima juu ya mapaja ya mamake, miguu yake inapiga hewani, mkono umenyooshwa kule kwa dereva unabonyeza kila kinachobonyezeka. Redio ikawaka. Vifuta mvua vikaenda mara mbili. Kisha akaipata swichi yenyewe, akaishikilia, na injini ikazima.

Khala akabaki amelala palepale, kidole bado kimekandamiza swichi.

Ulikuwa mkeka. Mpishi ndiye aliyeinama akauona, akauvuta nje kwa ncha ya upawa wake. Miaka yote ile umekunjwa juu ya kabati, ukatandikwa nusu saa, nao ukaanza kurudi kulala ulivyozoea. Ulikuwa umejikunja kutoka chini, polepole, ukaingia nyuma na juu ya pedali ya mafuta, na kila ukijikaza unaisukuma. Watu wakavuta pumzi, wengine wakacheka, na yule wa Ayatul Kursi akamalizia aya yake kwa heshima. Mtu aliyejua magari akasema gea ilikuwa imefungwa, gari lisingekwenda popote. Labda. Yeye hakuwa amesimama mbele yake.

Tulimtoa Bibi kwa watu wanne. Alisimama barabarani miguu mitupu, akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu huku na huku.

"Walia nini?" akaniuliza.

Khala akamweleza kwa kupiga kelele sikioni, mkeka, mafuta, mteremko, moto. Bibi akasikiliza yote. Akautazama mkeka, akatazama turubai, akatazama pale niliposimama.  Kisha akanifuta kamasi kwa ncha ya buibui.

Mjomba alifika nusu ya kichwa kimenyolewa, nusu bado, shuka la kinyozi shingoni. Siku nyingine ningekuwa na maneno ya mwaka mzima. Safari hii nilimshikia shuka tu. Alipomaliziwa nywele na kuvaa, alisema basi twendeni kwa miguu, gari lirudi kwa mwenyewe. Bibi akakataa. Alisema gari halina kosa, kosa ni la mkeka, na yeye hakukaa ndani muda wote ule kwa bure. Akataka aingizwe tena. Nilipewa miguu. Nilisema siwezi. Kisha nikaishika.

Walikwenda pole pole, mjomba miguu yake juu ya zulia la watu asiowajua, na mimi nikitembea ubavuni, mkono juu ya paa la gari, kutoka mlangoni petu mpaka msikitini. Mlango wa Bibi nilisema usifungwe kabisa, na hakuna aliyebisha. Kila injini ilipobadilisha sauti, mkono wangu ulikaza pale juu, kana kwamba ningelizuia.

Baada ya nikaha, biriani ilipopakuliwa, nilipeleka sinia juu kwa wanawake. Khala alikuwa amewakalisha wageni anawahadithia, na alikuwa ameshafika kwenye hatua ya kuchekesha, vile alivyoingia kichwa mbele na redio ikawaka. Wakacheka mpaka wakashikana. Aliponiona akaniita katikati ya chumba. Akasema sasa nyamazeni, huyu ataliiga gari lenyewe, na Bibi ndani yake, hakuna anayeweza kama yeye. Wote wakageuka. Wengine walishaanza kutabasamu.

Niliweka sinia chini. Nilijua vizuri lingekuwaje. Mmm ya kwanza, chini kooni, halafu mabega. Nilifungua mdomo, na mapaja yakakumbuka lile joto, na ile mmm haikutoka. Nilisimama hivyo, mdomo wazi, na wao wakadhani ndiyo mwanzo wa mchezo, wakaanza kucheka.

Bibi alikuwa pembeni, amenyoosha miguu juu ya godoro. Hakusikia Khala alisema nini, nina hakika. Alikuwa ananitazama uso tu.

"Mwateni ale," akasema, akawapungia mkono waniache, akasogea kunipa nafasi.